Jina la Swichi ya Ishiara

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa vitu viwili: ufunguo wa chumba cha mashine na ndoo. Ndoo ilikuwa ya kukingia maji, kwa sababu paa la chumba hicho lilivuja mahali pamoja tu, na mahali penyewe palikuwa juu kabisa ya kabati la vifaa. Mzee Njagi, aliyekuwa fundi mkuu wa shirika letu la zahanati na fundi pekee vilevile, alinionyesha pa kuweka ndoo kabla hajanionyesha kompyuta hata moja.

"Hizi zingine utazisoma polepole, Mwari," aliniambia. "Ndoo ni ya leo."

Mwari ni binti katika lugha zetu, na aliniita hivyo mpaka nikaota mvi.

Wawira, ambaye sasa ndiye anayeketi kwenye kiti changu, ameniomba niwaandikie ninyi mliobaki kwenye chumba hicho mambo niliyoyaona kazini. Alisema kurasa mbili zinatosha. Wawira husema mengi. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka, maana vyeo vilikuwa vichache na mshahara mliuona kwenye viatu vyangu. Nitaeleza nilivyofundishwa, na jinsi nilivyoponea chupuchupu kunyang'anywa ule ufunguo nikiwa na miaka hamsini na saba, kwa ajili ya mtihani.

Makao makuu yetu, kama mjuavyo, ni Embu mjini, na zahanati zimetapakaa kuanzia Ishiara kule chini kwenye joto hadi Kanyakine nilikoolewa, kwenye migomba na kahawa. Nilipoanza kazi, kila zahanati ilipewa kisanduku cha chuma chenye matundu na vitaa vya kijani, yaani swichi. Kompyuta ya mapokezi, ya maabara na ya chumba cha dawa zote huchomekwa humo ndipo zipate kusemezana. Swichi ikinyamaza, nesi haoni kadi ya mgonjwa, na mgonjwa anaanza kuulizwa upya mambo aliyokwisha kuyaeleza mwezi uliopita, tena mbele ya jirani zake.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa Ishiara. Tulifika na Mzee Njagi siku ya soko, vumbi la ndengu limejaa hewani, na mimi nilikuwa nimebeba kitabu kinene cha mitandao kwapani kama mhubiri. Niliketi kwenye kompyuta ya mapokezi nikaandika amri zote nilizozijua, na nilizijua nyingi. Nilifanya hivyo muda wa saa nzima. Mzee alikuwa nje akiuliza bei ya mbuzi ambao hakuwa na nia ya kuwanunua. Mwishowe aliingia, akatazama lile kabati dogo ukutani, akafuata waya kwa kidole kutoka kwenye swichi hadi kwenye soketi. Soketi ilikuwa na birika. Karani alikuwa amechomoa swichi ili achemshe chai.

"Umemuuliza maswali mengi sana," Mzee Njagi alisema, "na yeye hata hajaamka."

Tulikunywa ile chai. Tangu siku hiyo sijawahi kugusa kibodi kabla sijatazama taa, na mkinikuta mahali nimefanya hivyo jueni naugua.

Baadaye radi ilipiga Ishiara, na swichi ikaungua hadi ikanuka. Mzee alipeleka mpya. Aliifuta kwa leso yake, akaichomeka, akaunganisha kompyuta yake, kisha akaniuliza: "Huyu anaitwa nani?" Nilisema tumpe namba.

"Kwenu Imenti mtoto wa kwanza wa kike anaitwa namba?"

"Anaitwa nyanya yake, mzaa baba."

"Haya. Yule ameungua alikuwa Ciarunji. Nilimpa jina ya mama yangu. Huyu amekuja mahali yake, kwa hivyo huyu ni Ciarunji."

Ndivyo ilivyokuwa desturi yetu. Kila swichi ilikuwa na jina la mtu, na ikifa, ile inayochukua nafasi yake hupewa jina lilelile, jinsi sisi sote tulivyopewa majina ya wazee wetu. Kanyakine ilikuwa na Gacheri, Embu yenyewe ilikuwa na Marigu. Msicheke. Nesi wa Ishiara akipiga simu kusema "Ciarunji amenyamaza", tulijua pa kwenda bila kuuliza swali la pili. Manesi hawakuwahi kushika namba hata moja, lakini Ciarunji walimjua, na wengine walimsalimia wakiingia asubuhi.

Jambo jingine alilonifundisha ni kuhifadhi. Amri unazoiandikia swichi hukaa juujuu tu mpaka uiambie izihifadhi, na umeme ukipotea kabla ya hapo, zinapotea nazo. Umeme wa kule chini haukuwa na tabia ya kuaga. Kwa hiyo Mzee alihifadhi kila baada ya mistari miwili. Andika, andika, hifadhi. Nami niliizoea hiyo mpaka nikawa natia chumvi kwenye githeri kwa mtindo huohuo.

Alipostaafu aliniachia krimpa yake, ile koleo ya kubania vichwa vya kebo, mpini wake umezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli. Hakutoa hotuba. Alisema tu niiweke mbali na watu wa maabara, ambao huazima vitu. Miaka michache baadaye tulimzika kwao, karibu na Ishiara, na niliporudi kutoka makaburini nilipitia zahanati nikafungua kabati nimtazame Ciarunji. Taa zote zilikuwa za kijani. Nililia kidogo pale, nikafunga kabati.

Basi ikaja barua. Uongozi mpya ulitaka kila anayegusa vifaa vya mtandao awe na cheti cha mtihani wa vitendo, ule ambao wewe unawekwa mbele ya kabati la vifaa halisi, unapewa karatasi ya kazi, na saa inaanza kuhesabu. Nafasi za kuufanya zilikuwa mbili. Atakayeshindwa zote mbili atarudisha ufunguo wa chumba cha mashine na kuhamishiwa masjala. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu. Watu wa masjala, kwa wema wao, walianza mara moja kunitengea meza karibu na dirisha.

Sikutaka dirisha. Nilitaka siku ya kuondoka kwangu niutoe ule ufunguo mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kama Mzee Njagi alivyofanya. Sikumwambia mtu yeyote hivyo, lakini ndilo jambo pekee nililolitaka.

Mwaka huohuo ndipo alipoajiriwa Wawira, msichana wa Runyenjes, na digrii yake na vyeti viwili, mtihani wenyewe alikuwa ameshaupita akiwa chuoni. Alikuwa na kucha ndefu za rangi ya zambarau ambazo sikuamini zinaweza kushika kebo. Zilishika. Siku ya kwanza alisoma orodha ya vifaa vyetu, akanyanyua uso.

"Madam, hizi majina za watu zitatuletea shida. Auditor akisoma 'Marigu amekufa, mwili uko store', atapigia polisi."

"Hajawahi kusoma."

"Siku atasoma, mimi sitakuwa hapa."

Nilimwona mjuaji. Yeye, alivyoniambia baadaye, aliniona mtu wa makumbusho. Lakini barua ilipofika ni yeye aliyekuja mezani kwangu bila kuitwa, akavuta kiti. "Tutaanza Jumatatu," alisema. "Ulete daftari. Na usilete hiyo kitabu yako, imekuzidi umri."

Tulianzia nyumbani kwangu Embu, baada ya kazi. Tuliokota swichi tatu na rauta mbili, zile za kuunganisha mtandao na mtandao, zilizotupwa na shirika, tukazipanga sebuleni juu ya meza ya runinga. Feni zake zilivuma kama kinu cha posho. Mume wangu, Baba Mwenda, mwalimu mstaafu aliyezoea kusikiliza taarifa ya habari kwa utulivu, alihamisha redio yake jikoni na hakurudi sebuleni kwa miezi miwili isipokuwa wakati wa kula.

Ni wakati wa kula ndipo aliponiokoa. Kulikuwa na jambo lililonishinda kabisa, nalo ni kugawa anwani. Kila mashine kwenye mtandao ina anwani yake ya namba, na mtihani hukupa fungu moja la anwani ukaambiwa uligawie matawi kadhaa, kwa kichwa na kalamu, bila kikokotoo. Wawira alinieleza kwa siku nne, kwa moja na sufuri, moja na sufuri, mpaka nikaanza kuziona kwenye vifungo vya shati lake. Jioni ya nne alitupa kalamu.

"Madam, hii kitu ni simple. Una mia mbili hamsini na sita, gawa mara nne."

Baba Mwenda alikuwa anatafuna githeri yake. "Hiyo si ni kugawa shamba?" aliuliza.

Alichota kijiko kingine, akaendelea. "Vijana wanne, kila mmoja anapata sitini na nne. Lakini hawezi lima yote. Lazima atoe mpaka na njia ya kupitia."

Wawira aliacha kutafuna. "Mzee, rudia hapo kwa njia."

"Kila kipande ukikata, unapoteza mpaka na njia. Ndio watu hupigana."

"Anwani ya kwanza na ya mwisho," Wawira alisema polepole. "Hizo hupewi mashine. Moja ni ya kipande chenyewe, nyingine ni ya kuita wote. Anabaki na sitini na mbili."

"Basi hata sisi tungeshinda hiyo mtihani," Baba Mwenda alisema, akaongeza mchuzi. Amekuwa akilisema hilo katika harusi na mazishi hadi leo.

Kuanzia hapo nilikuwa nagawa mashamba. Nilimgawia mwanetu Mwenda, nikawagawia shemeji zangu, nikamnyima yule mmoja ambaye wote tunamjua. Wawira alinipimia muda kwa simu yake, na kila nilipomaliza alisema "tena" kwa sauti ya mtu anayekemea ng'ombe. Ni kwenye kebo tu ndipo vidole vyangu vilipomshangaza. Yeye alibana kichwa kimoja cha kebo kwa dakika nne na kukibana tena kwa sababu ya kucha. Mimi, kwa krimpa ya Mzee Njagi, nilibana viwili kwa muda huohuo huku nikimwuliza kama amekula.

Mtihani wa kwanza ulifanyiwa katika chumba cha kompyuta cha chuo kimoja hapohapo Embu. Tulikuwa tisa, na mimi ningeweza kuwazaa wote wanane. Mmoja wao aliniuliza kwa heshima kama nimekuja kumsindikiza mtoto. Nilimwambia ndiyo.

Kazi zilienda vizuri kupita nilivyotarajia. Nilitazama taa, nikagawa anwani, nikabana kebo zangu. Kazi ya tano ilisema hivi: swichi ya tawi la kaskazini, inayoitwa TAWI-K-01, imeharibika, weka mpya iliyo mezani, uiite TAWI-K-02, kisha unganisha kompyuta zote za tawi hilo. Niliweka, nikaunganisha, nikahifadhi. Nilimaliza kabla ya muda. Nilitoka nje nikanunua chai nikiwa najisifu kimyakimya, na watu wanaonijua wanajua kwamba kimyakimya yangu husikika mbali.

Matokeo yalitoka mchana huohuo. Nilipungukiwa na alama tisa. Wawira alikuwa ameomba ruhusa aje kunipokea, na tuliketi kwenye ngazi za jengo tukiisoma ile karatasi. Kazi ya tano nilikuwa nimepata sufuri.

"Madam, ulisoma hii swali?"

"Nililisoma."

"Swichi mpya iliitwa nani?"

"TAWI-K-02."

"Na wewe ukaiita nani?"

Nilianza kuelewa nikiwa bado najibu. "TAWI-K-01."

"Kwa nini?"

"Si ndiyo iliyokuwa imekufa? Mpya imekuja mahali pake. Nilidhani aliyetunga mtihani amekosea. Nikamrekebishia."

Wawira aliweka karatasi chini, akalaza kichwa kwenye magoti, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka walinzi wakageuka. Kisha akauona uso wangu, akaacha ghafla. Alinieleza kwamba siku hizi anayesahihisha ni programu. Inaitafuta swichi kwa jina lililo kwenye karatasi, na isipoipata, kila kilichounganishwa nyuma yake ni kama hakipo. Kazi yangu ilikuwa safi. Ilikuwa tu kwenye swichi ambayo msahihishaji hamjui.

Niliona aibu, nasema wazi. Si aibu ya kutojua, kwa sababu hiyo nilishaizoea. Ilikuwa aibu ya kujua mno. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni na Baba Mwenda na redio yake, na sikutaka kuziona zile swichi. Nilimkasirikia Mzee Njagi aliye kaburini kwa kunifundisha vizuri hivyo. Asubuhi iliyofuata masjala walinipigia kuniuliza kama ningependa pazia la dirisha liwe la kijani au la buluu.

Wawira hakuniachia hata wiki moja. Alikuja jioni ya pili na karatasi mpya za mazoezi, na katika kila moja kulikuwa na swichi iliyokufa. Aliua swichi nyingi sana mwezi huo.

"Soma jina kwa sauti," aliniambia. "Weka kidole hapo. Sasa andika kile kidole kinaona, si kile roho inasema."

"Na kama kidole kimeona upuuzi?"

"Andika upuuzi, Madam. Upuuzi ndio uko na marks."

Baba Mwenda naye, mwalimu ni mwalimu, alisimama nyuma yangu akinisomea majina kama wakati wa imla. Mara mbili nilirithisha jina bila kujua, na mara mbili alinipiga kidole na penseli. Jioni moja nilimuuliza Wawira kwa nini anahangaika nami hivyo wakati nikishindwa kiti kitakuwa chake mapema. Alijifanya anatafuta kitu kwenye begi.

"Ukienda masjala nitaachwa na nani?" alisema. "Ile wiki Gacheri alikuwa anaanguka kila saa saba, mimi nilikaa siku mbili kwa laptop. Wewe ulisimama mlangoni ukauliza nani huwasha mashine ya kuchemsha vyombo vya daktari saa saba, kumbe ndio ilikuwa inakula stima. Hiyo haiko kwa kitabu."

Nilimwambia aache kubembeleza, anipe karatasi nyingine.

Mtihani wa pili ulikuwa chumba kilekile. Safari hii hakuna aliyeniuliza nimemsindikiza nani, nadhani sura yangu haikukaribisha maswali. Kazi ya nne ndiyo iliyokuwa na swichi iliyokufa. Niliisoma kwa sauti ya chini, nikaweka kidole, nikaandika jina jipya herufi kwa herufi. Niseme ukweli, roho iliniuma. Nilisema moyoni, nisamehe Mzee, ni ya leo tu. Andika, andika, hifadhi.

Nilikuwa kwenye kazi ya sita umeme ulipopotea.

Chumba kizima kilinyamaza, feni zote kwa pamoja, na katika ukimya huo nilisikia watu wanane wakivuta pumzi. Jenereta lilikohoa nje mara tatu ndipo likashika. Vifaa vilianza kuwaka upya polepole. Msimamizi, bwana mpole mwenye sweta, alisimama mbele akapangusa miwani.

"Dakika zilizopotea nitawaongezea," alisema. "Kazi iliyopotea siwezi. Kwa wale hawakuwa wamehifadhi, poleni sana, muanze."

Kijana aliyekuwa kushoto kwangu, aliyetoka Meru mjini asubuhi hiyo, alikuwa anaitazama swichi yake tupu. "Nilikuwa nihifadhi mwisho," alinong'ona. "Nilikuwa nimebakisha mbili tu, Madam."

Mimi nilikuwa nimepoteza mstari mmoja. Niliuandika tena, nikahifadhi. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa kuwa msimamizi alikuwa anatutazama sikufanya lolote kati ya hayo. Nilifuata kebo zangu zote kwa kidole hadi kwenye soketi, kisha nikaketi na kusubiri muda uishe, maana mara ya kwanza niliwahi kutoka na hamkuniona nikifaidika.

Nilipita. Yule kijana wa Meru alishindwa siku hiyo, lakini alirudi baadaye akapita, nami nilimpa namba ya Baba Mwenda kwa ajili ya kugawa anwani. Wawira alipoisoma karatasi yangu hakucheka safari hii. Alinikumbatia palepale kwenye ngazi, na ukucha mmoja wa zambarau ukanasa kwenye sweta langu, ikabidi twende hivyo hadi langoni. Masjala walimpa mtu mwingine lile dirisha. Naambiwa pazia lilikuwa la buluu.

Miaka mitatu iliyobaki nilifanya kazi chini ya Wawira, kwa kuwa ndiye aliyepewa ukuu, na ilikuwa haki. Jambo la kwanza alilofanya ni kufuta majina yote na kuweka namba. Hakunilazimisha kukubali. Alinieleza kwamba zahanati zinaongezeka, na kwamba atakayekuja baada yetu hatamjua Marigu wala Gacheri. Nilijua anasema kweli, kwa sababu mtihani ulishaninyoosha. Niliomba kitu kimoja tu, kwamba Ciarunji nimbadilishe mimi. Niliketi Ishiara kwenye joto lile, nikaweka kidole kwenye karatasi, nikaandika ISH-01. Kisha nikamweleza nesi.

"Sawa, Madam," alisema. "Kwa hivyo Ciarunji amehama?"

Nilimwambia ndiyo, amehama.

Siku ya kustaafu nilimkabidhi Wawira ufunguo kwa mkono wangu, na krimpa, na ndoo pia, ingawa paa lilishatengenezwa zamani. Sikutoa hotuba. Nilimwambia tu aangalie watu wa maabara. Kwa ajili ya makabidhiano, namba yangu ya simu iliachwa kwenye orodha ya wanaopokea ujumbe wa hitilafu, ule ambao mfumo hutuma wenyewe swichi inaponyamaza. Ilikuwa iondolewe baada ya mwezi. Sikuwakumbusha.

Sasa niko Kanyakine, nachuma kahawa. Wiki iliyopita, asubuhi, nikiwa katikati ya mistari na Baba Mwenda, simu ililia mfukoni. Niliisoma, nikaifuta kioo kwa leso, nikaisoma tena.

NKIROTE, ISHIARA: HAPATIKANI.

Nkirote ni mimi. Hilo ndilo jina langu, ambalo nililipata kwa nyanya yangu. Niliketi chini ya mti wa kahawa nikapiga simu.

"Madam," Wawira alisema, na nilisikia kwamba ameshajua. "Wewe si ulifaa kuwa umetolewa kwa hiyo list?"

"Nani amenipeleka Ishiara?"

"Radi ilichoma ile ya huko. Nikaweka mpya."

"Na sheria yako ya namba?"

"Iko. Wengine wote ni namba."

"Na auditor akisoma?"

"Auditor nitamrekebishia."

Nikauliza, kwa sababu desturi ni desturi, kwa nini basi hakumrudisha Ciarunji.

"Mzee Njagi alianza na mama yake," Wawira alisema. "Mimi nimeanza na wewe."

Baba Mwenda alikuwa amesimama na debe lake, ananitazama. Nilijipangusa uso kwa ileile leso. Kisha nikakumbuka kwamba wakati sisi tunaongea, kuna mgonjwa Ishiara anaulizwa upya habari zake mbele ya jirani.

"Nimenyamaza tangu saa ngapi?" nilimuuliza.

"Saa nne kasorobo. Nimejaribu kuingia kutoka hapa mara kumi, unakataa."

"Umetazama taa?"

"Niko Embu, Madam, nitaziona aje?"

"Pigia nesi. Muulize nani anachemsha chai."

Alikata simu bila kuaga. Nilibaki pale chini nikiishika simu kwa mikono miwili, na Baba Mwenda, ambaye hajawahi kuniharakisha isipokuwa wakati wa chakula, aliweka debe chini akasubiri pamoja nami. Haikuchukua muda mrefu. Ujumbe uliingia, nikampa ausome yeye, kwa sababu macho yangu hayakuwa mazuri.

"Nkirote, Ishiara," alisoma, kwa sauti yake ya imla, kila neno mahali pake. "Anapatikana."